Plagi za Beetle ya zamani: kuzitoa na kuzifunga bila kuua nyuzi za hedi

Plagi nne za Volkswagen Beetle, zile za kutoa cheche ya kuwasha petroli, ni pesa ya lita chache za petroli. Hedi yake, kile kifuniko cha silinda ambamo plagi hufungwa, ni habari nyingine: ni ya aluminiamu, imekaa pembeni mwa injini chini ya mabati ya kupitishia upepo, na ili uitoe lazima injini nzima ishuke chini. Kwa hiyo kazi hii, ingawa inaitwa kubadilisha plagi, kwa kweli ni kazi ya kulinda nyuzi (ile mifereji ya skrubu) za matundu manne ya aluminiamu, zilizokwisha kufunguliwa na kufungwa kwa miaka hamsini na mafundi usiowajua. Ukiishika hivyo kichwani, kila hatua hapa chini itajieleza yenyewe.

Nimechagua Beetle kwa sababu ndiyo gari la zamani ambalo wenye nalo wengi hulitengeneza wenyewe, na kwa sababu lina historia yake huku kwetu: lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati barabara nyingi za mashindano zilikuwa vumbi na tope tupu. Maelezo haya ni ya injini za 1200, 1300, 1500 na 1600 zenye kabureta, zinazopozwa kwa upepo. Kama una Datsun 1200 au Peugeot 504, hedi pia ni ya aluminiamu, na mengi ya hapa yanakuhusu, ila kwa 504 andaa ekstensheni ndefu maana plagi zimezama kwenye mashimo marefu. Land Rover Series ya petroli ya lita 2.25 ina hedi ya chuma, inavumilia zaidi. Vipimo vya magari hayo vitoe kwenye kitabu cha gari lenyewe, usivitoe hapa.

Kununua plagi sahihi

Plagi ya Beetle ina uzi wa milimita 14, na urefu wa sehemu yenye uzi ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Huo urefu ndio watu wanaokosea dukani. Plagi yenye uzi wa milimita 19 inaingia vizuri kabisa kwenye tundu, inakaza vizuri, na mwenye duka atakuapia kwamba ni ileile. Lakini ncha yake itachomoza ndani ya silinda karibu milimita sita kuliko inavyotakiwa. Pistoni inaweza kuigonga. Hata isipogonga, nyuzi zilizochomoza zitashika masizi, na siku ya kuitoa masizi hayo yatapita katikati ya nyuzi za hedi na kuzikwangua zote.

Kwa NGK, tafuta B5HS au B6HS. Herufi B ni uzi wa milimita 14, H ni urefu wa 12.7. Ukiona E mahali pa H, kama B6ES, rudisha: hiyo ni ya milimita 19. Ukiona BR6HS usiogope, R ni plagi yenye ukinzani wa kupunguza kelele za redio, inafanya kazi. Kwa Bosch, W8AC ndiyo ya kawaida.

Namba iliyo katikati ni kiwango cha joto, na hapa kampuni hazisomeki kwa namna moja. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi; kwa Bosch na Champion namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Basi mtu akikwambia «chukua namba kubwa zaidi», muulize ya kampuni gani. Mimi kwa gari la safari ndefu za joto, tuseme Mombasa hadi Voi na kuendelea, ningechukua B6HS. Kwa gari la kuzunguka mjini asubuhi na jioni, B5HS inajisafisha masizi vizuri zaidi.

Kisha kuna bandia, na soko letu linazo. Fungua boksi palepale dukani. Plagi halisi uzi wake ni laini, umeviringishwa kiwandani, hauna vichembe vya chuma. Ncha ya katikati imekaa katikati kweli. Maandishi kwenye kaure, ile sehemu nyeupe ya kigae, yamenyooka na hayatoki ukiyasugua kwa kidole gumba. Gasketi, ile ringi ya chuma, huwa imebanwa ili isidondoke. Ikianguka yenyewe ukigeuza plagi, mashaka. Plagi ya uzi mkwaruzo kwenye hedi ya aluminiamu ni sawa na kupitisha tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) butu. Iache dukani.

Vifaa

Soketi ya plagi ya 21 (inchi 13/16) yenye mpira ndani wa kushika kaure. Usitumie soketi ya kawaida. Ikilala kidogo inapasua kaure, na ufa mdogo hauonekani kwa macho ila utausikia gari likianza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, likipanda mlima. Racheti, ekstensheni moja fupi na moja ndefu, na kiungo cha kupinda. Fila geji (kipimo cha uwazi mdogo), na ya waya ni bora kuliko ya bapa. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, yaani toki) inayosoma vizuri kwenye Nm (nyutoni-mita) 20 hadi 40, si ile kubwa ya nati za magurudumu. Kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa shibiri moja na nusu, ambacho tundu lake linabana juu ya kichwa cha plagi. Oili ya kupenya kutu. Vitambaa safi. Kompresa, au pampu ya baiskeli iliyofungwa kamrija.

Kati ya hivyo vyote, kile kipande cha mpira ndicho cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kitakachookoa hedi yako.

Kwanza injini ipoe

Ipoe kabisa, si vuguvugu. Egesha jioni, fanya kazi asubuhi. Wapo mafundi watakaokwambia plagi hutoka kirahisi injini ikiwa moto. Ni kweli hutoka kirahisi, wakati mwingine na nyuzi za hedi zikiwa zimeshikana nayo, kwa sababu aluminiamu ya moto ni laini. Toa ufunguo kwenye swichi.

Fungua boneti ya nyuma. Toa kisafisha hewa. Kama ni ile ya zamani ya oili, iinue ikiwa wima na uiweke wima, vinginevyo utapata dimbwi la oili chafu. Ukishaitoa, ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa. Nati iliyoanguka humo inaishia kwenye valvu.

Kujua silinda ipi ni ipi

Ukisimama nyuma ya gari ukitazama injini, silinda ya 1 ni ya kulia iliyo mbali nawe, ya 2 ni ya kulia iliyo karibu na bampa. Ya 3 ni ya kushoto iliyo mbali, ya 4 ni ya kushoto iliyo karibu. Bandika kipande cha tepu chenye namba kwenye kila waya kabla hujagusa kitu. Namba 3 ndiyo ya taabu: imejificha nyuma, mkono unaingia jicho haliingii. Ndiyo pia silinda iliyokuwa ikipata joto zaidi kwenye injini za zamani, kwa kuwa kipoza oili kilikaa juu ya upande wake na kuupokonya upepo, hadi Volkswagen ilipokihamisha kwenye injini za miaka ya 1970. Ukikuta nyuzi mbovu kwenye Beetle, anza kuangalia hapo.

Kuchomoa waya

Shika kofia ya plagi, usivute waya. Izungushe kidogo kushoto na kulia hadi iachie, kisha vuta kwa kunyooka. Ringi ya mpira inayoziba tundu la bati itakuja na kofia. Angalia kama ipo na kama haijapasuka. Wengi huitupa wakidhani ni urembo. Kazi yake ni kuzuia upepo wa feni usivujie nje kupitia tundu la plagi badala ya kupita kwenye mapezi ya silinda. Beetle isiyo na mipira hiyo minne inachemka na mwenyewe anazunguka kutafuta ugonjwa kwingine.

Toa waya mmoja, shughulikia plagi yake, rudisha, kisha nenda kwa mwingine, kama unabadilisha tu. Kama unataka kuzisoma zote nne kwa pamoja au kupima kompresheni (mgandamizo wa silinda), toa zote, ndiyo maana tulibandika namba.

Kupuliza vumbi

Usiruke hatua hii. Kwenye kitako cha plagi, pale inapokalia hedi, hujaa mchanga mwekundu wa barabarani, majani makavu, hata makombo ya mpira. Ukifungua plagi bila kupuliza, uchafu wote huo unadondokea juu ya pistoni. Puliza kwa kompresa macho yakiwa yamekingwa. Kisha legeza plagi robo mzunguko tu, na upulize tena, kwa sababu mchanga uliobanwa chini ya gasketi sasa umeachia.

Kulegeza

Vaa soketi hadi ikae kabisa, ishike ekstensheni kwa mkono wa kushoto ili isilale, na vuta racheti kwa nguvu ya kupanda polepole, bila kushtua. Plagi iliyofungwa sawasawa hutoa mlio mdogo wa «kri» na kuachia. Baada ya hapo inatakiwa igeuke kwa vidole. Toa racheti, shika ekstensheni peke yake.

Ikiachia robo mzunguko kisha ikawa ngumu tena, simama. Hapo ndipo nyuzi huuawa. Weka oili ya kupenya kidogo pembeni, subiri nusu saa au zaidi, kisha irudishe ndani kidogo, itoe kidogo, irudishe, itoe, kila mara ukipata sehemu ndogo zaidi. Mchezo wa kwenda na kurudi unasaga masizi na kuyasukuma nje. Kulazimisha upande mmoja kunayakusanya mbele ya uzi. Inaweza kuchukua saa nzima kwa plagi moja. Ichukue.

Plagi ikiwa inatoka, hesabu mizunguko. Uzi wa plagi hii una hatua ya milimita 1.25, kwa hiyo plagi ya milimita 12.7 huchukua mizunguko minane hadi kumi hivi. Kumbuka idadi uliyopata kwa kila silinda. Tutaihitaji wakati wa kurudisha.

Ikishatoka, tazama kama gasketi yake imekuja nayo. Wakati mwingine hubaki imegandamana kwenye kitako cha hedi, plagi mpya inawekwa juu na gasketi yake, na sasa kuna mbili: plagi imekaa juu kuliko inavyotakiwa, nyuzi za mwisho hazijashika, joto halitoki vizuri. Angaza kwa tochi. Ikiwa imebaki, ing'oe kwa waya uliopindwa, tundu likiwa limezibwa.

Kusoma plagi

Zipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa injini yenyewe, mbili kulia, mbili kushoto. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye kaure ya ncha ni nzuri. Vitabu vya zamani vinaonyesha kahawia iliyokolea, lakini vilichapishwa enzi za petroli yenye risasi. Kusini mwa Sahara petroli hiyo iliachwa kufikia mapema 2006, na ya sasa huacha rangi ndogo. Usianze kuchokoa kabureta kwa sababu tu plagi ni ya kijivu.

Masizi makavu meusi kwenye zote nne: petroli ni nyingi, mara nyingi choki (kilango cha hewa cha kabureta) haifunguki. Masizi kwenye moja tu: tazama waya na kofia yake kwanza. Oili mbichi: ringi za pistoni au miongozo ya valvu, na plagi mpya haitatibu hilo. Kaure nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge: joto limezidi, mchanganyiko ni mwepesi au taimingi (wakati wa cheche) imetangulizwa mno. Ukiona chembe ndogo za kung'aa zilizoganda kwenye kaure, usiwashe gari tena kabla hujajua sababu. Hizo ni aluminiamu, na zinatoka kwenye pistoni.

Plagi zikiwa nje, injini inazungushika kwa mkono bila kukupinga. Ndiyo nafasi ya kupima kompresheni na kurekebisha valvu, ambazo kwenye nyingi za injini hizi hupimwa milimita 0.15 ikiwa baridi. Yeyote anayelitunza Beetle lake hufanya hizo kazi siku moja.

Kupanga gapu

Gapu, uwazi kati ya ncha ya katikati na mguu wa pembeni wa plagi, kwa Beetle ni milimita 0.6 hadi 0.7. Usiamini maneno ya «imeshapangwa kiwandani», boksi huanguka. Pitisha waya wa 0.65 au fila ya 0.6: inapaswa kupita ikigusa kidogo pande zote mbili. Ikiwa pana, gonga mguu wa pembeni taratibu juu ya ubao. Ikiwa nyembamba, uinue kwa kifaa chake. Usitie bisibisi kati ya ncha ya katikati na mguu ukainua kama wenzo. Kaure ya ndani hupasuka, na utalaumu koili kwa mwezi mzima.

Angalia pia kichwa cha juu. Plagi nyingi huja na kinati kidogo kinachofunguka. Linganisha na ya zamani: kama kofia zako zinashika uzi mtupu, kitoe, kama zinahitaji kinati, kikaze kwa koleo, kisiachwe kwa nguvu ya kidole.

Kufunga

Futa kitako cha tundu kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya kuzuia kushikana, sipaki kwenye plagi mpya zenye mpako wa kung'aa. Yanafanya uzi uteleze, na toki renchi inaposema 25 plagi inakuwa imebanwa zaidi ya hapo. Ukisisitiza kuyapaka, iwe tone tu, mbali na ncha, na upunguze toki kwa karibu theluthi moja.

Sasa chukua kile kipande cha mpira wa petroli, kichomeke juu ya kaure ya plagi. Ingiza plagi kwenye tundu ikiwa imenyooka na tundu, na kumbuka tundu lenyewe limelala. Kwanza izungushe kinyume, upande wa kufungua, taratibu, hadi usikie kidoko kidogo cha uzi kuangukia mahali pake. Hapo ndipo uanze kufunga. Mpira unashika vya kutosha kuzungusha plagi iliyonyooka, lakini plagi ikipanda uzi, yaani ikiingia mshazari, mpira unateleza kabla nguvu haijafika kwenye aluminiamu. Vidole vyako na racheti havina huruma hiyo.

Hesabu mizunguko. Kama ya zamani ilitoka kwa tisa na hii imegoma kwa tatu, imepanda uzi. Itoe, anza upya. Usilete racheti «kuisaidia».

Gasketi ikishagusa kitako, toa mpira, vaa soketi na toki renchi. Kaza kwa Nm 25 hadi 30. Baadhi ya vitabu vya zamani vya Volkswagen vinafika hadi 35, ila kwa hedi iliyokwisha kula miaka, sioni sababu ya kuitafuta 35. Bila toki renchi: Bosch wanasema plagi mpya ya gasketi ikazwe digrii 90 (robo mzunguko) baada ya kugusa, NGK wanasema nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Fuata maelezo ya boksi ulilonunua, na utasikia gasketi ikikubali kubonyea kisha nguvu ikipanda ghafla. Plagi ya zamani unayoirudisha haina tena kubonyea huko. Inahitaji digrii 15 hadi 30 tu, basi.

Kurudisha waya

Sukuma kila kofia hadi isikike inaingia, na mpira wake ukae sawa juu ya tundu la bati. Kama namba za tepu zimetoka, usikisie. Rota ya distributa (kigawa cheche) inazunguka kama mshale wa saa, na kwenye ukingo wa distributa kuna mkwaruzo unaoonyesha silinda ya 1. Kuanzia hapo, kwa mshale wa saa, waya ni 1, 4, 3, 2. Ukibadilisha wawili tu, gari litapiga mlipuko kwenye kabureta.

Washa. Acha injini ipate joto, sikiliza bila kupiga resi. Ikimisi, usichomoe kofia kwa mkono mtupu injini ikiwaka. Waya hizo zina zaidi ya volti 10,000, na mwenye kifaa cha kusaidia moyo asisogee kabisa. Zima, angalia kofia ya namba 3. Mara nyingi ni hiyo haijaingia hadi mwisho. Sauti ya «fsi fsi» inayofuata mwendo wa injini ni plagi inayovuja: subiri ipoe, kisha kaza.

Kama nyuzi zimekwisha

Dalili ni plagi inayozunguka bila kukaza, au iliyotoka na vipande vya aluminiamu vilivyojiviringisha kama springi kwenye uzi wake. Usiifunge kwa gundi wala utepe wa mabomba. Inaweza kurushwa barabarani na kuacha tundu wazi.

Dawa ni kuweka uzi mpya wa chuma. Kuna Helicoil, ambao ni springi, na kuna Time-Sert, ambao ni bushi nzima yenye ukingo unaoizuia isishuke wala kutoka na plagi. Kwa tundu la plagi ningelipia Time-Sert. Kazi safi hufanywa hedi ikiwa mezani. Fundi mzoefu anaweza kuifanya injini ikiwa garini: anapaka grisi nzito kwenye tapu ili inase vumbi la aluminiamu, anaitoa kuisafisha kila baada ya nusu mzunguko, kisha anazungusha injini kwa mkono hadi valvu ya ekzosi ifunguke na kupuliza hewa kupitia tundu. Simama naye umwone akifanya hivyo. Na urefu wa bushi uwe milimita 12.7 uleule, ndefu kuliko hapo inachomoza ndani ya silinda, inawaka nyekundu, na kuanza kuchoma petroli kabla ya cheche.